Tairi lisilo na upepo: toroli ndiyo, gari bado

Njia za ndani za Ndosho, hapa Goma, zimejaa mawe meusi ya volkano, na mawe hayo hayana huruma na mpira. Toroli langu la kubebea mchanga lilikuwa likitoboka kila mara, kwado (fundi wa kuziba matairi) wa kona yetu akawa kama ninamlipa mshahara. Ndipo nikanunua kule mtaa wa Birere gurudumu la mpira mtupu: ndani hakuna kitu cha kujaza, valvu hakuna. (Wenye chukudu, zile skuta za mbao za kubebea mizigo, walinicheka. Magurudumu yao ni mbao iliyovishwa kipande cha tairi kuukuu, upepo wanausikia kwa majirani.)

Kutoboka kumekwisha kabisa. Mpira umechanwachanwa pembeni lakini unaendelea kuzunguka. Ila kila jiwe sasa linapanda moja kwa moja hadi kwenye viganja. Ukipakia mifuko miwili ya saruji, vijana wanalalamika mabega, na shikio moja limeshakatika pale lilipochomelewa. Beringi nazo zinakufa haraka kuliko zamani. Upepo ulikuwa ukimeza mshtuko. Ukiuondoa, mshtuko unatafuta mahali pengine pa kuumiza.

Shemeji yangu wa teksi alipoliona akataka ya namna hiyo kwa gari lake. Nilimkatalia. Mpira mtupu ukikimbizwa na uzito juu yake unashika joto na haupoi upesi, ndiyo maana unafaa foklifti, mashine za kuinulia mizigo ghalani, zinazokwenda polepole. Ya magari ni kitu kingine. Michelin na General Motors walionyesha Uptis, tairi la gari lisilo na upepo, mwaka 2019: rimu ya alumini, na katikati vijiti bapa vya plastiki iliyoimarishwa kwa nyuzi za kioo, ambavyo hubeba gari badala ya upepo. Walilenga kuyaingiza sokoni kufikia 2024. Mwaka ukapita, na shemeji bado hana pa kuyanunua. Yamejaribiwa kwenye magari ya kusambaza vifurushi ya DHL kule Singapore na ya posta ya Ufaransa.

Mimi ninatazama ule uwazi wa pembeni. Barabara ya Sake wakati wa mvua, matope na kokoto vikijibana kati ya vijiti kisha vikauke, gurudumu litabaki na uzito upande mmoja na usukani utatetemeka. Na kwenye utelezi huwa tunapunguza upepo kidogo ili tairi lishike. Hapo utapunguza nini? Kijiti kikivunjika, kwado hana la kufanya.

Kwa toroli ninalipendekeza, ila uchomelee mashikio upya kabla hujalipakia. Kwenye gari ninabaki na tubeless (tairi la upepo lisilo na tyubu), kamba za kuzibia na pampu ya kuchomeka kwenye umeme wa gari. Muuzaji mmoja ameniahidi kuniagizia ya gari kutoka Dubai. Nikamwomba picha ya gari dogo lililofungwa, akanionyesha foklifti.