Jarida la siku nne: nyota moja, na hiyo ni ya risiti

Nyie mnaosomea hisabati hapa Kampala, kabla hamjatoa pesa zenu kuchapisha pepa nisomeni kwanza. Jarida lenyewe silitaji ila mtalijua tu, ni lile linalokutumia imeili saa nane usiku likikuita Profesa Mheshimiwa na wewe ni mwanafunzi wa masta unadaiwa kodi ya chumba Wandegeya.

Nilikuwa na modeli ya malaria, milinganyo saba, nikatuma Jumatatu, Ijumaa imekubaliwa. Maoni ya mhakiki mistari miwili: rekebisha Kiingereza, ongeza marejeo. Hesabu hakuna aliyeigusa! Kisha bili dola 150, mobail mani hawapokei, nikazunguka wee mpaka nikapata rafiki mwenye kadi ya benki, risiti ikaingia dakika hiyohiyo ina muhuri wa dhahabu, ndo hiyo nyota.

Supavaiza wangu alipoiona hakugomba. Akafungua zbMATH, ile hifadhidata ya machapisho ya hisabati ambayo tangu 2021 ni bure, akatafuta jina la jarida, hamna kitu. Akasema keti, nisomee thioremu yako ya pili. Nilikuwa nimeandika R0, yaani wastani wa watu wanaoambukizwa kutokana na mgonjwa mmoja, ikiwa chini ya 1 malaria inaisha, basi. Kumbe nilichothibitisha ni kwamba inaisha kama wagonjwa ni wachache mwanzoni, maana ukishaweka vifo vya ugonjwa ndani ya modeli inaweza kutokea ile baifukesheni ya kurudi nyuma, R0 iko chini ya 1 na ugonjwa umekaa palepale kama mgeni asiyejua kuaga. Na pepa ikishachapwa huko huwezi kuipeleka kwingine ukasema ni mpya.

Pepa ya pili nimeiweka arXiv, tovuti ya kuweka pepa wazi kabla hazijachapwa, bure kabisa, ila mara ya kwanza utatafuta mtu anayeandika humo akudhamini, na usijidanganye, pale hapana uhakiki. Halafu nikaituma kwa jarida moja la wanahisabati wenyewe, hawachaji hata senti, ni mwezi wa tisa sasa tangu nitume. Maoni yalikuja kurasa tano. Lema ya 3 (lema ni hoja ndogo ya kusaidia thioremu), mstari wa nne, mhakiki kaniuliza: umegawanya kwa N, yaani jumla ya watu, umeonyesha wapi kwamba N haifiki sifuri? Sikuwa nimeonyesha popote. Nikanywa chai, nikarudi mezani wiki mbili, nikatuma tena, na raundi ya pili bado nasubiri.