King'amuzi au bando: Ijumaa jioni ya mwalimu
Umesahihisha madaftari, andalio la somo la Jumatatu liko tayari, sasa unataka tamthilia tu. Kwa gharama, king'amuzi kinashinda: ukilipia kifurushi cha mwezi, nyumba nzima inatazama. Netflix kwa HD hula hadi GB 3 kwa saa, bando litaisha mapema mno. Mvua kubwa huvuruga dishi. Umeme ukikatika, simu bado inawaka. Ila kwangu jambo zito ni muda. King'amuzi hakikungoji: kikao cha walimu kikichelewa, tamthilia imekupita. Mtandaoni unasimamisha, unakwenda kugeuza mboga jikoni, unarudi. Mwenye watoto sebuleni alipie kifurushi cha king'amuzi. Anayeishi peke yake penye mtandao mzuri, bando litamfaa zaidi.