gulp-sass-glob: miaka mitatu bila kuandika orodha ya mafaili kwa mkono

Niliiweka gulp-sass-glob, jalizi (plugin) ya Gulp, kile chombo kinachopitisha mafaili ya tovuti hatua kwa hatua, kwenye mradi wetu siku ambayo ukurasa wa stakabadhi ulifunguka bila mitindo yake mbele ya mteja. Tulikuwa watu watatu tunajenga mfumo wa kukata tiketi za mabasi ya mikoani. Kijana aliyekuwa na wiki mbili tu kazini alikuwa ameandika `_stakabadhi.scss` vizuri kabisa: nauli zimepangwa upande wa kulia, namba ya kiti inaonekana kwa mbali, hata mtindo wa kuchapisha kwenye karatasi aliukumbuka. Kilichokosekana ni mstari mmoja ndani ya `main.scss` wa kuliita faili hilo. Sass, lugha tunayoandikia mitindo na ambayo hugeuzwa kuwa CSS ya kivinjari, haikusema kitu, kwa sababu faili lisiloitwa popote kwake si kosa. Kijana wa watu alijilaumu siku nzima, na mimi sikuona kosa lake. Orodha ya mistari sitini inayotegemea kumbukumbu ya binadamu lazima siku moja ipungukiwe.

Jalizi hii inaifuta orodha hiyo. Unaandika `@import "komponenti/**/*.scss";` mara moja tu. Kabla Sass haijalisoma faili, jalizi inauondoa mstari huo na kuweka mahali pake mstari mmoja kwa kila faili ililolikuta kwenye folda na vifolda vyake, kwa mpangilio wa alfabeti. Sass yenyewe haielewi nyota hizo. Ndiyo maana ndani ya `gulpfile.js`, faili la maelekezo ya Gulp, lazima `sassGlob()` itangulie `sass()`; ukigeuza, utaambiwa faili halionekani. Kuifunga ni kazi ya dakika tano. Tangu siku hiyo, mtu akitengeneza komponenti mpya, yaani kipande kipya cha ukurasa, anahifadhi faili lake kwenye folda na kuendelea na kazi.

Sasa nije kwenye alfabeti, maana hapa ndipo watu wanapoumia.

Kwenye CSS, kanuni mbili zikiwa na uzito sawa, inayokuja mwisho ndiyo inayoshinda. Sisi tulikuwa na `_kadi.scss`, kadi nyeupe ya kila safari, na `_kadi-vip.scss`, inayoipaka kadi ya daraja la juu rangi ya dhahabu. Kwenye orodha ya mkono, kadi ya kawaida ilitangulia na ya VIP ikafuata. Baada ya kuweka jalizi, kadi zote zikawa nyeupe. Nilifungua kikaguzi cha kivinjari nikaikuta rangi ya dhahabu ipo, lakini imekatwa kwa mstari, na juu yake kuna nyeupe iliyotoka kwenye `.kadi`. Nilihangaika karibu mchana mzima nikidhani ni kashe, nakala ya zamani iliyohifadhiwa na kivinjari. Mwishowe nikafungua faili la CSS lililozalishwa na kulisoma kutoka juu: VIP imetangulia, kadi ya kawaida imefuata. Ukilinganisha majina hayo mawili herufi kwa herufi, yanafanana mpaka baada ya `_kadi`, halafu moja lina kistari na jingine lina nukta. Kistari hutangulia nukta. Kwa hiyo kila komponenti uliyoipa jina kwa kuongeza kistari kwenye jina la mama yake itamtangulia mama huyo, na mama atamfuta.

Dawa tuliyoipata ni kugawa. Vigeu vya rangi, fonti na mitindo ya msingi, pamoja na hiyo `_kadi.scss`, tulivihamishia folda ya `msingi`, na huko kila faili linaitwa kwa jina lake, kwa mkono, kwa mpangilio tunaoutaka. Nyota tumeiachia folda ya `komponenti` peke yake, ambako faili lolote linaweza kutangulia jingine bila madhara. Na uhamishe kweli, usiongeze mstari tu: faili likiitwa mara mbili kwa `@import`, CSS yake inatoka mara mbili.

Jambo jingine la kujua kabla hujaanza: nyota zinafanya kazi kwenye faili kuu tu. Niliwahi kuziweka ndani ya `_komponenti.scss` ili `main.scss` ipendeze, na Sass ikakataa. Sababu yake inaeleweka. Jalizi inashughulikia mafaili yanayopita kwenye bomba la Gulp, na faili la ndani Sass inalichota yenyewe moja kwa moja kutoka kwenye diski.

Je, nikushauri uitumie leo? Kama una mradi wa Gulp unaoendelea na komponenti zake hazitegemeani, ndiyo, bila wasiwasi. Kama unaanza mradi mpya, hapana. Tangu toleo la 1.80.0 la Dart Sass, Sass kuu inayotumika sasa, lililotoka Oktoba 2024, kila `@import` inakuletea onyo kwenye terminali, na imetangazwa kwamba itaondolewa kabisa kwenye toleo la 3.0.0. Njia mpya ni `@use` na `@forward`, na kwa `@use` kila faili linabeba jina lake kama ukoo: mafaili mawili yenye jina moja kwenye folda tofauti, ukiyaita mahali pamoja, yanagongana. Ukitaka kuhama kwa kutumia sass-migrator, zana ya kubadilisha `@import` kuwa `@use`, ujue nayo inasoma kama Sass inavyosoma, haizielewi nyota. Itabidi kwanza uirudishe ile orodha ndefu.

Kwenye kazi mpya nimeandika skripti fupi ya Node. Inasoma folda, inayapanga majina, inaandika `_index.scss` yenye `@forward` kwa kila faili. Ninachokipenda zaidi ni kwamba orodha hiyo inaingia kwenye Git, inakowekwa kumbukumbu ya kila badiliko la msimbo. Mwenzangu akiongeza faili, mstari wake ninauona ninapopitia kazi yake, na mpangilio ukibadilika nao ninauona, wakati gulp-sass-glob inaumaliza upangaji wote kimyakimya ndani ya bomba.

Mfumo wa mabasi bado uko kwenye gulp-sass-glob. Folda ya komponenti imefika mafaili 83, `main.scss` ina mistari tisa, na hakuna ukurasa uliowahi tena kufunguka bila mavazi yake kwa sababu ya mstari uliosahauliwa.