Mzazi Mzee: Abaki Kijijini na Msaidizi au Ahamie Mjini kwa Mwanawe?

Familia nyingi za Pemba zenye watoto wanaofanya kazi Unguja hulazimika kuchagua kati ya kumwacha mzazi kijijini chini ya uangalizi wa msaidizi wa kulipwa na kumhamishia mjini kwa mwanawe.

Akibaki kijijini, mzee huendelea kuishi na majirani waliomzoea na msikiti anaoufikia kwa miguu. Na kwa aliyeanza kusahau, kuijua njia ya chooni hata gizani ni kinga kubwa. Hatari iko kwa msaidizi asiyeangaliwa. Mzee asiyeweza kujigeuza kitandani anapaswa kugeuzwa takriban kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya mgongoni na makalioni, na jambo hilo halithibitishwi kwa simu. Kwa hiyo, lazima awepo ndugu wa karibu anayeingia chumbani bila taarifa, akakagua ngozi, akahesabu vidonge vya presha vilivyobaki, na akahakikisha kwamba pensheni jamii, ambayo Zanzibar ilianza kuwalipa wenye miaka 70 na zaidi mwaka 2016, inamfikia mwenyewe.

Mjini hospitali kubwa iko karibu, na mtoto humwona mzazi kila siku. Lakini nyumba ikibaki tupu tangu asubuhi hadi jioni, mzee hufungiwa ndani peke yake, jambo ambalo kwangu ni baya kuliko umbali. Ningemhamisha anayehitaji kliniki mara kwa mara, kwa ridhaa yake, iwapo tu yupo mtu mzima wa kushinda naye na choo kimeshawekewa vishikio.