Canon EOS 2000D kwenye harusi za Mwanza: uzoefu wangu na kamera inayodharauliwa

Wapiga picha wengi wanaoanza kazi hapa Mwanza wanashika Canon EOS 2000D au mojawapo ya ndugu zake, na wengi wanaona aibu kuitoa kwenye begi mbele ya wenzao. Mimi ni mmoja wao. Naitumia kwa kazi za kulipwa: harusi, sendofu, ubarikio, mahafali, na siku zisizo na kazi naenda nayo ziwani kupiga picha zangu. Niliinunua mtumba ikiwa na lenzi yake ya 18-55, baadaye nikaongeza 50mm f/1.8 STM, ambayo haina zoom. Nimeizoea vya kutosha kueleza inaweza nini na inashindwa wapi, na pia hiyo aibu yenyewe, maana inaharibu kazi kuliko watu wanavyodhani.

Hapa kwetu kamera inapimwa kwa macho. Ikiwa kubwa, ina lenzi ndefu na gripu ya betri chini, basi huyo ni fundi. 2000D ina gramu 475 tu na jina lake limeandikwa mbele, kila anayejua kamera kidogo analisoma. Kwenye ukumbi mmoja, baba mmoja wa kamati aliniuliza watu wakisikia: "Dada, kamera ndiyo hii, au ile kubwa umeiacha kwenye gari?" Nikamwambia, "Ndiyo hii, baba, hakuna nyingine." Hakuwa na nia mbaya, alikuwa na wasiwasi na hela za michango. Lakini moyo ulinishuka, na usiku ule nilifanya kazi kwa mbali. Nilisimama nyuma ya watu wa video na kupiga harakaharaka. Hata bibi harusi sikumwomba ageuze uso kidogo upande wenye mwanga.

Hapo ndipo hasara ilipo. Ukiwa na aibu unakaa mbali na watu, na lenzi ya 50 inataka uwasogelee. Zile picha ziliponyooka zilinyooka, lakini nyingi hazina ukaribu, na hilo halikutokana na kamera.

Sasa tuje kwenye picha. Canon walitangaza 2000D Februari 2018, pamoja na 4000D ambayo ni ya chini zaidi yake. Sensa yake, yaani kile kipande kinachopokea mwanga, ni ya ukubwa wa APS-C yenye megapikseli 24.1, na picha inatoka na pikseli 6000 kwa 4000. Hesabu yake ni rahisi: ukichapisha picha ya ukutani ya inchi 20 kwa 30, bado unapata doti 200 kwa kila inchi. Mtu anayeiangalia akiwa amekaa kwenye kochi haoni upungufu wowote. Na siku hizi wateja wengi wanaziona picha zao kwenye WhatsApp, ambako zinabanwa hata ukipiga kwa kamera ya bei ya gari. Ina Wi-Fi pia. Mara nyingi, kabla maharusi hawajafika ukumbini, nimeshahamishia picha mbili tatu za kanisani kwenye simu na kumtumia dada wa bibi harusi. Watu wanalipenda sana hilo.

Kwenye jua la mchana kamera hii naiamini kabisa. Nenda Igombe, kwa wavuvi wa ziwani, dagaa wakiwa wameanikwa uone kazi ya mwanga pale: mchanga unang'aa, maji nyuma yanang'aa, dagaa wenyewe ni fedha tupu. Kioo cha nyuma hukioni, kila simu inapigwa kivuli cha mkono. Kwenye 2000D unaweka jicho kwenye kidirisha chake na unaona kila kitu, kwa sababu unachokiona ni mwanga wenyewe unaopita kwenye lenzi. Mimi hupunguza mwanga kwa stopu moja, yaani nusu, ili magamba yasigeuke weupe mtupu, napiga kwa RAW (faili ghafi linaloruhusu kuhariri zaidi), halafu nyuso naziongezea mwanga nyumbani wakati wa kuhariri. Kuna mama mmoja pale nilimsalimia, "Shikamoo mama, naomba nikupige ukiwa unageuza." Akanijibu, "Marahaba, piga tu mwanangu, ila chukua uso, kanga hii ni ya kazi." Nilichukua uso kama alivyotaka, kisha kwa ruhusa yake nikachukua na mkono. Lenzi ya 50 inafokasi kuanzia sentimita 35. Kwenye picha ile unaona magamba yamenata kwenye kiganja hadi karibu na kifundo, na bangili imeshika kidagaa kimoja kimekauka. Naipenda kuliko picha yoyote niliyowahi kulipwa.

Tena pale udogo wa kamera ulinisaidia. Ukienda mwaloni na kamera kubwa unaulizwa unatoka televisheni gani, watu wanajipanga, wengine wanakataa. Hii yangu haikumshtua mtu.

Udhaifu wake upo, na ni wa kweli. Wa kwanza ni ukumbini usiku. Kumbi zetu nyingi zinapenda taa za zambarau na buluu zinazozunguka, na MC anataka giza kidogo wakati maharusi wanaingia. 2000D ina nukta tisa tu za fokasi, na ya katikati peke yake ndiyo imara. Kwenye giza zile za pembeni zinatafuta, zinarudi, zinatafuta tena, na maharusi wameshapita. Natumia ya katikati, nafokasi jicho, kisha napanga fremu. ISO, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga, inafika 6400, na unaweza kuilazimisha hadi 12800, lakini mimi sivuki 3200 kama kazi ni ya albamu, kwa sababu chembechembe zinaanza kula rangi ya ngozi. Kasi yake ni picha tatu kwa sekunde. Keki inakatwa polepole, hiyo haina tabu, lakini mabesti wakianza kucheza utazikosa nyingi.

Lenzi ya 50 inaokoa sana hapo. Ile ya 18-55 ukiivuta hadi mwisho inafunguka f/5.6, wakati hii inafunguka f/1.8, yaani inaingiza mwanga karibu mara kumi zaidi. Kwa mwenye kamera ya kuanzia sijui kitu kingine cha bei hiyo kitakachobadilisha kazi yake kiasi hicho. Ila kwa sensa hii 50 inaona kama 80 ya fulu fremu, zile kamera zenye sensa kubwa zaidi. Kwenye ukumbi mdogo, au sebuleni wakati bibi harusi anavalishwa, utagonga ukuta na mgongo. Picha za familia nzima zinarudi kwa 18-55.

Halafu kuna mambo mawili ambayo hakuna mtu wa kamati aliyewahi kuniuliza. Moja ni sehemu ya kuchomekea flashi juu ya kamera: pini ya katikati haipo. Flashi nyingi za kampuni nyingine na vichochezi vya taa za studio vinategemea pini hiyo, kwa hiyo ukinunua cha bei rahisi bila kukijaribu, kinakaa pale juu na hakiwaki. Tafuta kilichotengenezwa kwa ajili ya Canon na ukijaribu dukani kwenye bodi yako hiyohiyo. Pili, inaingia memori kadi moja tu. Ikiharibika katikati ya sherehe, huna nakala. Mimi natoa kadi ya kanisani na kuweka nyingine kabla ya ukumbini, ya kwanza inakaa mfukoni mwangu hadi nifike nyumbani, haiachwi kwenye begi. Wanaocheka kamera ndogo wanacheka umbo. Yanayoweza kumnyima mteja picha zake hawayajui.

Kuna kaka mmoja mzoefu aliniazima fulu fremu yake kwa usiku mmoja, na sitadanganya: gizani ilinizidi mbali. Inashika fokasi pale ambapo yangu inahangaika, na ISO ikipanda picha inabaki safi. Lakini za mchana, kanisani karibu na madirisha na baadaye Capri Point, nilizichanganya na zangu kwenye albamu moja na yeye mwenyewe hakuweza kuzitenga.

Capri Point tunawapeleka maharusi wapige na Jiwe la Bismarck, lile jiwe maarufu la ziwani, nyuma yao. Jua huzama karibu na saa 1 jioni mwaka mzima na mwanga mzuri unapita upesi, kwa hiyo fika mapema, wapange watu kwanza, mengine yafuate. Bodi haijazibwa dhidi ya maji. Kwenye kivuko cha Kamanga upepo ukileta rasharasha, yangu inaingia begini.

Video, kwa kifupi, hapana. Inarekodi 1080p kwa fremu 30 na haina tundu la maikrofoni. Ukitaka kurekodi sherehe kwa malipo, tafuta kamera nyingine. Betri ni nzuri, inapiga kama picha 500, nami natembea na mbili.

Siku hizi nikiitwa na kamati naenda na albamu ndogo iliyochapishwa, kamera naiacha nyumbani. Wanapitisha albamu mkono kwa mkono, mama mmoja anasimama kwenye ukurasa fulani, anauliza ile ilipigwa wapi, na mazungumzo yanakuwa ya picha. Siku ya harusi wakiniona na 2000D, hakuna anayeuliza kitu. Nami nasogea karibu.

Kwa anayeanza, hasa wa picha za watu mchana, naipendekeza bila kusita. Ukinunua ya mtumba, piga picha ukutani uangalie madoa ya sensa, jaribu fokasi kwa nukta zote tisa, fungua kifuniko cha betri uone kama kimelegea, na usikubali "lenzi inasumbua kidogo tu". Mimi kwa sasa naweka akiba ya flashi ya pili na lenzi ya 10-18 kwa ajili ya zile sebule ndogo. Bodi mpya itasubiri.