TAHADHARI: "Sensa mpya" ya hewa inaweza kuwa imetoka kwenye gari la mwenzako

Ndugu zangu wenye magari, someni hii kabla hamjatoa hela. Kuna mchezo unachezwa na baadhi ya magereji wakishirikiana na wauza spea, na mimi umenikuta. Unahusu sensa ya hewa, ile inayokaa kwenye bomba mara tu baada ya boksi la ea klina (chujio la hewa), wengi wanaiita MAF. Kazi yake ni kupima hewa inayoingia kwenye injini. Unaambiwa imekufa, unauziwa "mpya orijino", na ile ya zamani anabaki nayo fundi. Wewe ukiondoka, ya kwako inapulizwa dawa, inafutwa, inaingizwa kwenye kiboksi na kusubiri mteja anayefuata.

Gari langu lilianza kukosa nguvu. Nikikanyaga mafuta linasita kwanza ndipo linaondoka, kwenye foleni silensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inapanda na kushuka, kisha taa ya injini ikawaka. Nikaenda gereji niliyoelekezwa. Kijana akachomeka mashine ya kusoma hitilafu, ikatoa namba P0171, yaani mchanganyiko una hewa nyingi mno ikilinganishwa na mafuta. Hakupima kitu kingine chochote. Akafungua boneti na kuchomoa soketi ya sensa injini ikiwa inawaka. Injini ikayumba, nusura izime. "Umeona bosi? Imekufa hii." Akaniita tena kwenye mashine, namba za hitilafu zikawa zimeongezeka.

Nilimwamini. Na najua wengi wanaaminishwa hapo hapo, kwa hiyo nieleze taratibu. Sensa nzima kabisa ukiichomoa, injini inayumba au inazima, kwa sababu kompyuta ya injini imenyang'anywa kipimo cha hewa na inabidi ifanye kazi kwa makadirio. Kuyumba kule hakuonyeshi kwamba sensa imekufa. Kinyume chake ndicho cha kutilia shaka: gari lililokuwa linasumbua likatulia baada ya sensa kuchomolewa. Zile namba zilizoongezeka alizitengeneza yeye mwenyewe. Kuchomoa soketi injini ikiwaka mara nyingi kunaleta P0102, yaani ishara ya sensa ya hewa iko chini mno, na kwenye magari mengi kunaleta pia P0113, maana kipimajoto cha hewa inayoingia kimo ndani ya sensa hiyo hiyo. Ukionyeshwa orodha ndefu namna hiyo, uliza zipi zilikuwepo kabla soketi haijaguswa.

Nikalipa. Sensa ikafungwa, namba zikafutwa, gari likatulia siku mbili. Ya tatu taa ikarudi.

Fundi wa pili, mtu mzima asiye na haraka, alianza na bomba la mpira linalotoka kwenye sensa kwenda kwenye injini. Alilikunja kwa mkono, na kwenye mikunjo ya chini, mahali ambapo ukiangalia kwa juu huoni, likafunguka ufa wa urefu wa kidole. Hewa ilikuwa inaingia hapo bila kupita kwenye sensa, kompyuta haina habari nayo, haiongezi mafuta ya kutosha. Ndiyo P0171 yangu. Zile siku mbili za utulivu zilitokana na kufutwa kwa kumbukumbu, basi.

Alinionyesha pia namna ya kutofautisha, na mashine yoyote ya kawaida inayosoma data injini ikiwaka inatosha. Tafuta asilimia za marekebisho ya mafuta, yaani kiasi ambacho kompyuta inaongeza au kupunguza. Zikicheza ndani ya 10 juu au chini, hakuna cha kutisha. Zikiwa kubwa kwenye silensa halafu zikashuka ukipandisha mizunguko ya injini hadi 2500 kwa dakika na kuishikilia, tafuta hewa inayovuja. Zikiwa nzuri kwenye silensa lakini zinakua kadiri unavyodai nguvu, hapo sensa chafu inaingia kwenye orodha ya washukiwa. Dakika tano tu za kazi, na yule wa kwanza hakuzitumia.

Kisha akafungua "mpya" yangu. Oringi (pete ya mpira inayoziba hewa) ilikuwa imelala bapa na kukakamaa, wakati ya sensa mpya inakuwa ya mviringo na laini. Matundu ya skrubu yalikuwa na alama za kubanwa siku nyingi. Pini za soketi zina mikwaruzo. Ndani ya kile kinjia cha hewa kulikuwa na vumbi lililoganda pembeni, na ukinusa unapata harufu kali ya dawa ya kabureta. Ilikuwa mtumba iliyooshwa.

Nilirudi gereji siku hiyo hiyo. Nikaomba sensa yangu ya zamani, nikaambiwa imeshatupwa. Hela hazikurudi. Ila droo ya meza ilikuwa wazi, na nilichokiona kwa macho yangu ni sensa kuukuu zaidi ya kumi, makopo ya dawa, na viboksi vipya vilivyokunjwa ambavyo bado havijatiwa kitu. Muunganiko wake fanyeni wenyewe.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba sensa nyingi zinazoitwa mfu ni chafu tu. Ndani mna waya mwembamba sana, au utando, unaopashwa moto kwa umeme. Hewa ikipita inaupoza, na umeme unaohitajika kuurudishia joto ndio unaoiambia kompyuta hewa iliyopita ni kiasi gani. Vumbi na mafuta vikiganda juu yake vinakuwa kama blanketi, ubaridi haufiki sawasawa, sensa inaripoti hewa pungufu. Kuiosha ni kazi ya mwenye gari mwenyewe: zima injini, iache ipoe, chomoa soketi, fungua skrubu mbili, itoe, ipulizie dawa iliyotengenezwa mahsusi kwa sensa hizi, uiache ikauke yenyewe nusu saa kabla ya kuirudisha. Usiuguse waya kwa kidole, pamba wala brashi. Usipulize kwa kompresa. Dawa ya kabureta na ya breki zikae mbali, zinaweza kula plastiki au kuacha utando, na ndiyo maana hizi za kuoshwa kienyeji kwenye magereji zinakufa mapema. Na dawa yenyewe nunua kopo ambalo halijafunguliwa, usikubali ya kumiminiwa.

Ukishaosha, angalia kilichosababisha uchafu. Chujio la hewa lisilokaa vizuri kwenye boksi lake linapitisha vumbi pembeni, na yale ya kupakwa mafuta, yakipakwa kupita kiasi, mafuta yanasafiri hadi kwenye waya. Bila kurekebisha hapo utakuwa unaosha kila mara.

Ikithibitika kweli imekufa, kwa sababu zipo zinazokufa, piga picha ya namba iliyoandikwa juu yake kabla fundi hajaigusa, na uweke alama ndogo ya kalamu ya wino kwenye plastiki. Kiboksi cha mpya kifunguliwe mbele yako. Tazama oringi, matundu ya skrubu, pini, na unuse. Ikishafungwa na injini ikapata moto, zima kiyoyozi, soma kiasi cha hewa kwenye mashine: injini ya silinda nne ya lita 1.5 hadi 2 mara nyingi inacheza kati ya gramu 2 na 4 kwa sekunde kwenye silensa. Ikisoma mbali na hapo, au ikichelewa kupanda unapokanyaga mafuta, usilipe bado. Na ya zamani ondoka nayo mkononi, hata kama unaambiwa ni takataka. Fundi akigoma kukupa, hapo ujue unaongea na nani.

Kama ulibadilishiwa sensa hivi karibuni na hukupewa ya zamani, fungua boneti leo. Skrubu mbili tu. Anza na oringi.