Kununua Kifaa cha Kupimia Umeme wa Ukutani kwa Mradi wa Elektroniki: Kipi Kitangulie, Kipi Kiachwe

Mwanafunzi wa ufundi hapa Arusha anayetaka kuunda kifaa cha kulinda friji dhidi ya umeme mdogo wa jioni hukutana mapema na swali moja: volti 230 za ukutani zitasomwaje na bodi ya Arduino (kompyuta ndogo ya kuendeshea miradi), ambayo pini zake hazivumilii zaidi ya volti 5? Isitoshe, kilele cha wimbi la volti 230 hufika takriban 325. Kwa hiyo nimevipanga vifaa hivi kwa kuangalia kwanza utenganisho, yaani kutokuwepo kwa njia ya waya kati ya umeme wa ukutani na bodi unayoishika. Bei na usahihi vinafuata nyuma.

Nafasi ya kwanza naipa transfoma ndogo ya volti 9 iliyofungwa ndani ya plagi yake yenyewe, kwa sababu haikulazimishi kugusa waya wa moto hata mara moja: unaichomeka, na kinachotoka ni umeme mdogo unaopanda na kushuka pamoja na ule wa ukutani. Shida ni kuipata. Adapta nyingi zinazouzwa kuzunguka Soko Kuu na soko la Kilombero hutoa DC (umeme usiobadili mwelekeo), nazo hazifai, kwa kuwa volti zake hubaki zile zile hata umeme ukitetereka. Soma kibandiko uhakikishe kwamba pameandikwa AC (umeme unaobadili mwelekeo, kama wa ukutani) upande wa kuingia na wa kutoka pia. Mafundi redio huwa nazo kwenye makasha ya vifaa vya zamani, na uzito wake mkononi ni dalili njema. Kumbuka kwamba isipobebeshwa mzigo hutoa zaidi ya volti 9, na kilele chake kinaweza kupita 15, hivyo lazima ipunguzwe kwa rizista na wimbi linyanyuliwe, maana pini ya bodi haipokei volti hasi.

Ya pili ni PZEM-004T, moduli ya kupimia umeme ambayo hukupa volti, ampea, wati na uniti zikiwa tayari tarakimu, bila wewe kuhangaika na hesabu za wimbi. Upande wa mawasiliano na bodi umetenganishwa kwa optokapla (kijenzi kinachopitisha ishara kwa mwanga), lakini upande wa kupimia umeungana moja kwa moja na umeme na skrubu zake ziko wazi, kwa hiyo katika bei yake jumlisha boksi la plastiki na fyuzi. Haisomi chini ya volti 80, jambo lisilo na madhara kwa kifaa cha kulinda friji, ambacho kinapaswa kuwa kimekwisha kukata umeme zamani.

Ya tatu, ZMPT101B, ni moduli ya kupimia volti yenye bei nafuu kuliko PZEM na ina transfoma halisi, ila lazima uisahihishe mwenyewe kwa kuzungusha skrubu yake huku ukilinganisha na multimita. Nilipoiweka ya kwanza juu ya meza iliyojaa vipande vya waya, sakiti breka ilikata kabla sijaelewa nimekosea nini. Sehemu zilizolehemiwa chini yake zina volti 230.

Rizista mbili zilizounganishwa moja kwa moja na soketi, ambazo ndizo za bei ya chini kuliko zote, sizipendekezi kwa yeyote. Hesabu yake ni sahihi kwenye karatasi mradi nyutro iwe nyutro kweli. Plagi zetu za pini tatu haziwezi kugeuzwa, lakini fundi aliyefunga soketi anaweza kuwa amepishanisha waya wa moto na nyutro, na hapo waya wa moto hufika hadi kwenye USB ya kompyuta yako.

Kabla ya vyote hivi nunua multimita iliyoandikwa CAT III 600 V (daraja la usalama wa kupimia umeme wa majengo), yenye nyaya nene. Ile ya manjano ya bei ndogo, DT830, inafaa kwa betri. Tundu lake la ampea 10 mara nyingi halina fyuzi, na ukisahau waya humo kisha ukapima soketi, umesababisha shoti mkononi mwako. Unapotaka kujua kama waya umekufa, ijaribu multimita kwanza kwenye soketi yenye umeme, ipime waya huo, kisha irudishe tena kwenye soketi ile ya kwanza.